Mtu wa Akiba Naye Huchoka

Wiki ina saa 168. Kila kijana anayeletwa kwangu kujifunza kusafirisha wagonjwa wa haraka, hesabu hiyo namwandikia ubaoni kabla hajashika machela wala begi la dawa. Sheria ya Kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mtu asifanye kazi zaidi ya saa 45 kwa wiki. Gawanya. Kiti kimoja tu cha dereva, ili kisibaki tupu usiku wala mchana, kinahitaji watu karibu wanne. Na hapo hakuna aliyeshikwa na malaria, hakuna aliyefiwa, hakuna aliyekwenda likizo. Ukiyaingiza hayo, wanafika watano.

Sasa pita kwenye vituo vya afya vya vijijini katika jimbo letu la Tanganyika, uulize nani anaendesha pikipiki ya wagonjwa. Mara nyingi utatajiwa jina moja. Uliza tena: huyu akilala? Utaambiwa, "Iko mwingine wa kumsaidia." Makala haya ni ya huyo mwingine.

Mimi ni muuguzi, mwana wa Piana-Mwanga, upande wa Manono. Wazee huniita Munganga, vijana huniita Mama Munganga. Shuleni tulifundishwa kupima presha, kutundika seramu, kumpokea mtoto anayetanguliza miguu. Nani alale lini ili nani awe macho lini, hilo halikuwa na mwalimu wala daftari, na ndilo lililokuja kunila muda mwingi kuliko yote.

Kabla ya pikipiki kulikuwa na tipoyi. Watoto wa mjini huenda hawajaiona: kiti au kitanda chepesi kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu, wanaume wanne mabegani, mgonjwa juu amefunikwa kitenge. Nimeandamana nayo tangu nikiwa msichana, na mpaka leo inarudi barabarani mvua inapofunga njia. Tipoyi haikuwa ya wanaume wanne tu. Pembeni walitembea wengine wanne, mikono mitupu, na mgeni angedhani ni ndugu wanaosindikiza. Hao walikuwa zamu ya pili. Kwenye mlima, au kabla ya kuvuka mto, bila mtu kupandisha sauti, bega lilitoka na bega likaingia, na tipoyi haikugusa chini. Mkifika hospitali na familia ikapika bukari, ilipikia wanane. Haikuwapo familia iliyowapakulia wale wanne waliobeba mwisho ikawaacha wengine na njaa, kwa sababu kila mtu aliona kwa macho yake kwamba waliotembea mikono mitupu ndio waliofanya mgonjwa afike.

Kisha ikaja pikipiki. Ilileta mwendo, na mwendo unaokoa watu, sitaki kuibeza hata kidogo. Lakini pikipiki huendeshwa na mtu mmoja, na kwa kuwa ni mmoja tukaacha kuwahesabu wa pembeni. Zamu ya pili ikageuka kuwa namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu ukutani.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya akina mama wanaokufa kwa uzazi na wakaonyesha kwamba kuchelewa kuko mara tatu: nyumbani, wakati familia haijaamua, njiani, wakati hakuna chombo, na hospitalini, wakati mgonjwa amefika lakini hahudumiwi. Wauguzi wa Kiafrika wengi wanaijua hesabu hiyo kwa moyo. Tukizungumzia kuchelewa kwa njiani tunataja barabara mbovu, madaraja ya magogo, mafuta yaliyokwisha. Ni kweli. Kongo imegawanywa katika zone za afya 519, kila moja na hospitali yake kuu ya rufaa na vituo vinavyoizunguka, na mpango huo wote, uliochorwa vizuri kwenye karatasi, hutegemea njia ya udongo. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa kwa saa chache, na nimeona saa ya kwanza ikiliwa na jambo ambalo halina uhusiano na barabara: kumtafuta wa kuendesha. Pikipiki ipo. Mafuta yapo. Mwenye zamu yuko mjini Kalemie kufuata karatasi za mshahara. Wa akiba hapokei simu. Mtoto anatumwa kwake na tochi, anarudi anasema kaka yule amelala shambani kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori.

Yule wa akiba halaumiki. Hakuna aliyemwambia kwamba usiku huo ni wake.

Na hata angepatikana, lazima tuulize amepatikana katika hali gani. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa Australia, walichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo ningetaka libandikwe kwenye kila gari la wagonjwa duniani. Walipima mikono na macho ya watu waliokaa bila kulala, kisha wakawapima watu walewale wakiwa wamekunywa pombe. Baada ya saa 17 za kuwa macho, utendaji wao ulikuwa sawa na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho Ufaransa na Ubelgiji haziruhusu mtu kushika usukani akiwa nacho. Baada ya saa 24 ulikuwa sawa na karibu asilimia 0.10. Fikiria basi kijana aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akapiga kazi ya kubeba abiria na magunia ya mihogo mpaka jua linatua, akaitwa saa sita usiku kumpeleka mama mwenye uchungu uliokwama. Amekwisha kukaa macho saa 19. Tusingemkabidhi mama yule kwa mlevi. Kwa mtu wa akiba tunamkabidhi hivyo, na tunamshukuru kwa moyo wake mwema.

Hili silisemi kwa vitabu peke yake. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, ambacho sitakitaja, kijana wa namna hiyo alisinzia kabla ya daraja. Pikipiki iliacha njia ikaingia mtaroni. Mama aliokolewa na watu waliokuwa wakirudi kutoka msibani, wakambeba kwa mkono mpaka mwisho. Kijana alivunjika mfupa wa bega. Katika kikao alilaumiwa yeye. Alikaa kwenye benchi mkono umefungwa kwa kitambaa, anajibu "Ndiyo, Baba," "Ndiyo, Mama," na hakuna aliyemuuliza siku ile aliamka saa ngapi. Mimi nilikuwa bado mgeni na mdogo, na sikuwa na nafasi ya kusema. Tangu hapo kila ninapopewa nafasi nasema.

Siku hizi ninapoanza kupanga zamu naanza na maisha ya watu, ndipo naenda kwenye tarehe. Wa akiba kwa kawaida ana kazi nyingine. Ndiyo maana ni wa akiba. Seremala ana siku za kupeleka vitanda sokoni. Mkulima ana majuma ya kupanda, mvua zinapoanza kati ya Oktoba na Novemba, ambayo ukimwita atakuja mwili huku roho iko shambani. Muadventista hatoki Jumamosi isipokuwa kwa kuokoa uhai, lakini Jumapili, wakati wengine wote wako kanisani, yeye ni wako asubuhi mpaka jioni, na hufurahi kuulizwa. Nilipofanya staji kwenye kituo cha kando ya ziwa, muuguzi mkuu, mama mmoja mwenye busara, alikuwa amepanga zamu za waendesha mtumbwi kwa kufuata mwezi. Wavuvi wa ndakala, wale dagaa wa ziwani, huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa, samaki hawaifuati taa na mitumbwi hulala pwani. Basi usiku wa mbalamwezi aliwapa wavuvi, na usiku wa giza akawapa watu wa nchi kavu. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na kalenda ya parokia yenye picha za mwezi, na sijaona mpango bora kuliko ule.

Karatasi yangu ni ya majuma manne, ya daftari la shule, inabandikwa ukutani majuma mawili kabla haijaanza kutumika. Hilo la majuma mawili nimelipigania sana. Mtu akijua leo kwamba Alhamisi ya wiki ijayo usiku ni wake, Alhamisi mchana hatabeba magunia, hatakunywa pombe ya lotoko, atachaji simu kwa jirani mwenye paneli ya sola, atamwambia mkewe. Usiku uleule, akiambiwa saa moja kabla, ni adhabu. Wahudumu wa ambulansi wa Uingereza wasio na mstari wao wa kudumu kwenye jedwali, wale wanaojaza pengo la kila aliye likizoni, wana malalamiko yaleyale: wanapata habari za zamu zao wakiwa wamechelewa kupanga chochote cha nyumbani. Wana magari yenye mashine ya kushtua moyo na bado mtoto wao hajui kama baba atakuwapo siku ya ubatizo.

Kwa kila usiku naandika majina mawili chini ya mwenye zamu. Wa kwanza anaitwa mwenye zamu akishindwa au akiwa tayari njiani. Wa pili anaitwa wa kwanza akitoka. Na kuna safu nyingine ambayo wageni huniuliza maana yake: majina ya wasioruhusiwa kuitwa. Mtu akiwa kwenye safu hiyo, namba yake haipigwi hata kama tunajua yuko nyumbani na hata kama ndiye dereva mzuri kuliko wote, labda kipindupindu kiwe kimeingia. Mwanzoni walinipinga. Walisema, Mama Munganga, mtu anakufa nawe unaheshimu karatasi? Lakini kwa sababu safu hiyo ipo, wa kwanza na wa pili hupokea simu. Zamani kila mtu aliweza kuitwa kila usiku, na kila mtu akajifunza kuzima simu.

Kubadilishana kunaruhusiwa, maana watu wana misiba na harusi. Sharti ni moja: wote wawili waje, wasimame mbele ya karatasi, kila mmoja aandike jina lake kwa mkono wake au aweke kidole. Habari za kutumiana mtoto, au kusema "nilimwambia sokoni akakubali", sizipokei. Pia nina daftari la sikukuu linaloanza miaka ya nyuma: nani alikesha Noeli, nani alikuwa kazini tarehe 30 Juni wengine wakicheza Uhuru. Bila daftari hilo, Noeli humwangukia kila mara kijana asiye na mke, kwa kuwa eti hana familia. Ana mama. Mama yake pia anataka kula naye.

Kuhusu mpangilio wa zamu zenyewe kuna jambo linalojulikana tangu mwaka 1982, lakini huku vituoni halijafika. Charles Czeisler na wenzake walifuatilia wafanyakazi wa kiwanda cha madini huko Utah, Marekani, waliokuwa wakihamishwa kila wiki kwa kurudi nyuma: kutoka usiku kwenda jioni, kutoka jioni kwenda asubuhi. Walipogeuziwa zamu zikafuata mwendo wa jua, asubuhi kisha jioni kisha usiku, na kila zamu ikakaa majuma matatu, malalamiko yalipungua na kazi ikaongezeka. Sababu iko mwilini: mtu huweza kuchelewa kulala kwa urahisi zaidi kuliko kuwahi kulala. Majuma matatu ya usiku mfululizo siwezi kumpa mtu mwenye shamba, ila mwelekeo nimeuchukua. Haunigharimu chochote. Na anayetoka usiku hapangwi mchana unaofuata. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kwenye sheria angalau saa 11 za mapumziko katika kila siku, mimi najitahidi kuzipata kwa kumpa yule wa kwanza wa akiba mchana mzima.

Kuna pengo ambalo karatasi nyingi hazilioni kabisa. Mama akipelekwa hospitali, kwa kawaida mzalishi huondoka naye. Mikono inayojua kushika tumbo linalovuja damu imeondoka. Sasa wodi imebaki na nani? Nimekuta kwenye kituo mama wa pili akijifungulia mikononi mwa mfagiaji, kwa sababu aliyekuwa zamu alikuwa njiani na mgonjwa wa kwanza. Kwa hiyo kila jina la dereva kwenye karatasi yangu lina jina la mwanamke pembeni yake, naye ana wa akiba wake, na huyo wa akiba anakaa umbali wa kutembea usiku bila kuvuka msitu. Kigezo hicho cha mwisho nimekiweka kwa ajili ya mabinti ninaowafundisha. Sitamwita binti atoke gizani peke yake kuja kuokoa mtu mwingine. Anafuatwa na mlinzi mwenye tochi, na mlinzi naye anaandikwa.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania wamejaribu jambo ambalo nalifuatilia kwa hamu. Mpango wao unaitwa m-mama. Ulianzia Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 serikali ikautangaza kuwa wa nchi nzima. Kituo au familia hupiga 115 bila malipo. Upande wa pili yuko mtu wa zamu anayeangalia ambulansi iliyo karibu iko wapi. Kama haipo, huita dereva wa kijijini, mwenye teksi au gari lake mwenyewe, aliyekwisha kuandikishwa na kukubaliana bei. Akimfikisha mama, malipo huingia kwenye simu yake. Napenda kwamba mtu wa akiba ametambuliwa hapo na serikali kwa jina lake, si kwa hisani ya jirani. Napenda kwamba halazimiki kudai fedha kwa familia inayolia. Bado, malipo ni ya safari. Aliyelala na viatu mlangoni usiku kucha, hakunywa, hakwenda popote, na simu haikulia, asubuhi hana kitu.

Hapo ndipo nami nimekwama kwa muda mrefu. Wako waliofikisha swali hili mahakamani. Mwaka 2004 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya wahudumu wa ambulansi wa Msalaba Mwekundu wa Ujerumani: saa za kungoja mwito kazini ziingizwe katika ukomo wa saa 48 kwa wiki. Tarehe 21 Februari 2018 mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya Rudy Matzak, zimamoto wa kujitolea wa mji wa Nivelles, Ubelgiji, aliyetakiwa akiwa nyumbani aweze kufika kituoni ndani ya dakika 8. Mahakama ikasema kungoja kwa namna hiyo, hata ukiwa sebuleni kwako, ni muda wa kazi. Kiasi cha kulipa iliziachia sheria za kila nchi. Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria vijana wangu. Nao wamefungwa hivyohivyo, ila wao wamefungwa na dakika za kukimbia kwa miguu.

Nilipeleka jambo hili kwa kamati ya afya ya kijiji. Mzee mmoja, mtu mwema ambaye ametoa mbuzi wake mara nyingi kwa ajili ya mafuta, aliuliza, "Munganga, sasa tumlipe mtu kwa kulala?"

Nikamjibu, "Baba, analala kwake, lakini usiku ule si wake. Ni wenu."

Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo ndilo la kazi: kiasi gani, na kitoke wapi? Wengine wakaingia. Mwalimu akasema kikitoka kwenye ada ya wagonjwa, maskini ataogopa kuja, na akasema kweli. Mama mmoja muuza unga akasema kila nyumba itoe kipimo kimoja cha mahindi wakati wa mavuno, yauzwe bei ikipanda. Shefu wa kijiji akakubali, akaongeza kwamba hesabu isomwe hadharani baada ya misa, mbele ya wote. Tukakubaliana pia kwamba fungu la kungoja lisichanganywe na fungu la mafuta, kwa sababu mafuta yakipungua, watu huchukua mahali pengine, na mahali pengine siku zote ni mfukoni mwa wa akiba.

Mahindi ya kijiji yatatosha kumpa wa kwanza kitu kidogo kwa kila usiku wa kungoja, akiitwa au asiitwe. Kwa wa pili na kwa mzalishi wa akiba hayatoshi. Kwa ajili yao nimewaandikia wakubwa wa zone ya afya, nikaambatanisha karatasi zangu za zamu za mwaka mzima na orodha ya usiku ambao bila wa pili mgonjwa asingeondoka kituoni. Naomba mstari mmoja kwenye bajeti, ulioandikwa waziwazi kuwa ni wa watu wanaongoja, kabla mvua za Oktoba hazijafunga njia.